Kazi ya Mkono wa Kushoto

Katika michezo ya kupigana, mkono wa kulia ndio unaosifiwa. Ndio unaotoa ngumi na mateke, ndio watazamaji wanaousikia ukigonga vitufe, na ndio unaouma baada ya kucheza usiku kucha. Mkono wa kushoto hautajwi. Lakini kaa kando ya mchezaji mzuri wa Tekken au Street Fighter, acha kutazama kioo, tazama mikono yake tu. Utaona kwamba kazi nzito iko kushoto. Kushoto ndiko anakotembea, anakorudi nyuma, anakojikinga, anakochuchumaa na kuruka. Kushoto ndiko pigo linakoandaliwa, kulia linatolewa tu. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa kwamba mkono wa kushoto haupokei kitu wala haumsalimii mkubwa, tukiingia kwenye mchezo huu tunaukabidhi mkono huohuo uhai wetu wote.

Nalitanguliza hili kwa sababu vijana wanapotaka ushauri wa chombo cha kununua, maswali yao huwa ya mkono wa kulia: kina vitufe vingapi, ni vya kampuni gani, vinawaka taa, bei gani. Hayo yana nafasi yake. Ila mkono wa kulia huzoea chombo kipya upesi, kwa sababu kazi yake ni moja, kubonyeza. Kinachokuchelewesha miezi ni kushoto. Ukishika padi, unatembea kwa kidole gumba. Ukishika fimbo, unatembea kwa kifundo cha mkono. Ukichukua boksi la vitufe lisilo na fimbo, unatembea kwa vidole vinne. Hiyo ndiyo hasa unayoichagua, na mengine yote, hata bei, yanafuata nyuma yake.

Mgawanyo huu una historia. Mwaka 1981 Nintendo ilipotoa mashine ya Donkey Kong, fimbo iliwekwa kushoto na kitufe cha kuruka kulia, na michezo mingi iliyofuata ikashika njia hiyohiyo. Mwaka uliofuata Gunpei Yokoi, mbunifu wa kampuni hiyo, alikuwa na kazi ya kuuingiza mchezo huo kwenye Game & Watch, kifaa cha mfukoni kinachokunjwa. Fimbo haikunjiki. Akaibana mpaka ikawa msalaba bapa wa kukandamizwa na kidole gumba. Hapo njia zikaachana: ya kifundo cha mkono ikabaki kwenye kumbi za mashine za sarafu, ya kidole gumba ikaingia sebuleni. Street Fighter II ya Capcom, mwaka 1991, ilizaliwa upande wa kwanza: fimbo moja na vitufe sita, ngumi tatu safu ya juu, mateke matatu safu ya chini. Miondoko yake ilibuniwa kwa kifundo kinachozunguka. Wa kidole gumba tulikuja baadaye, tukalazimika kuiga mzunguko huo kwa kiungo ambacho hakizunguki vivyo hivyo.

Tazama pigo moja kwa karibu, Hadouken ya Ryu, mhusika wa Street Fighter: chini, kisha pembe ya chini-mbele, kisha mbele, na ngumi. Ndani ya fimbo ya Sanwa JLF, ambayo ndiyo fimbo ya Kijapani inayojulikana kuliko zote, mna swichi ndogo nne, moja kwa kila upande. Ukivuta fimbo chini, swichi moja inalia. Ukianza kuizungusha kwenda mbele, ya pili inalia kabla ya ile ya kwanza kuachia, na katika kipande hicho kifupi ambacho zote mbili zimeshikwa, mashine inasoma pembe. Kisha ya kwanza inaachia na umebaki mbele. Pembe, kwa hiyo, haina swichi yake. Ni mahali ambapo swichi mbili zinakutana, na mchezaji anayekosa Hadouken mara nyingi amekosa mkutano huo: ameruka kutoka chini hadi mbele moja kwa moja, mashine ikaona mambo mawili badala ya matatu, na Ryu akatoa ngumi ya kawaida hewani.

Chini ya fimbo hiyo kuna kipande cha plastiki chenye tundu la mraba kinachoizuia isipitilize. Wageni wengi hukitoa siku ya kwanza, wakaweka chenye pembe nane, kwa kuwa wanapenda kusikia kila upande ukiwa na kituo chake. Mimi nashauri mraba uachwe. Kona ya mraba ndiyo pembe yenyewe. Ukiisukuma fimbo hadi konani una hakika kwamba swichi zote mbili zimeshikwa, bila kubahatisha. Kinachotakiwa ni kuacha kuikwaruza fimbo kwenye kingo, kwa sababu swichi hulia mapema kabla fimbo haijafika ukingoni. Anayeminya fimbo kwa nguvu zote anasafiri njia ndefu kufika palepale. Wajapani wengi huishika kwa kulegea, wengine wakipitisha mti wake kati ya vidole na kukinga kile kirungu kwa kiganja, mshiko unaoitwa wa glasi ya mvinyo. Nguvu haihitajiki popote.

Wakorea wana fimbo tofauti, na tofauti hiyo inaonekana kwenye mchezo wao. Fimbo ya Kijapani hurudishwa katikati na springi. Ya Kikorea hurudishwa na mpira mzito uliozunguka shina lake, na tundu lake ni la duara. Ukiiachia, inarudi kwa haraka na kwa nguvu. Sasa kumbuka mwendo wa kurudi nyuma ambao wachezaji wa Tekken duniani kote wanauita kwa jina la Korea: nyuma, nyuma, pembe ya chini-nyuma, nyuma tena, bila kukatika, mhusika akiteleza kinyumenyume huku bado anaweza kujikinga. Mwendo huo unadai fimbo irudi katikati kila mara bila kusubiriwa. Sisemi kwamba mpira ndio uliowafanya Wakorea kuwa wakali. Miaka ya kukaa kwenye kumbi zao ndiyo iliyowafanya. Lakini mkono hujifunza kile ambacho chombo chake kinakubali kwa urahisi, na watu waliojifunza pamoja kwenye chombo kimoja huishia kuwa na mtindo mmoja.

Mtindo wetu wa Afrika Mashariki ni wa padi. Wengi wetu hatukupitia mashine za sarafu. Tulijifunza kwenye vibanda vya PlayStation, watu wamesimama nyuma yako wakingoja zamu, Tekken 3 ikipigwa tangu shule zifungwe hadi jioni. Anayejua mambo hakuanza kwa kumchagua Eddy Gordo wala Jin. Alianza kwa kuchagua padi. Kila kibanda kilikuwa na padi nzima na padi iliyochoka, na mgeni hupewa iliyochoka. Ukimpelekea fundi padi hiyo akaifungua, utaona kwamba vile vitufe vinne vya mwelekeo vinavyoonekana juu vimetengana, chini ni kipande kimoja cha plastiki kinachoyumba katikati, na chini yake kuna mpira mwembamba wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Unapokandamiza, kidoa kinagusa saketi. Mpira ukichanika au kaboni ikilika, upande huo unakufa polepole: kwanza pembe zinapotea, kisha unabonyeza nyuma mara mbili ndipo mhusika arudi mara moja. Aliyekuzwa na padi kama hizo amejifunza kwa shida kitu cha thamani. Anajua kutofautisha kosa la kidole chake na kosa la mpira.

Na asidharau kidole hicho. Mwaka 2014, kwenye Evo, mashindano makubwa kuliko yote ya michezo ya kupigana, Mfaransa Olivier Hay, anayejulikana kama Luffy, alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV akitumia padi ya PlayStation ya kwanza iliyounganishwa kwa kibadilishi. Mbele ya watu waliobeba fimbo nzito za bei ya juu, alishinda kwa chombo ambacho kwetu mtoto yeyote wa kibandani angekishika akakijua. Kenya nayo imemtoa Sylvia Gathoni, QueenArrow, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya nje iitwayo UYU. Anayetoka kibandani hana sababu ya kuamini kwamba hawezi kufika mbali mpaka anunue fimbo.

Chombo cha tatu ndicho kinacholeta ugomvi. Boksi lisilo na fimbo, lile ambalo kampuni ya Hit Box ililitangaza na wengine wengi wakafuata, limeondoa fimbo kabisa na kuweka vitufe mahali pake: kidole cha pete kinakwenda kushoto, cha kati chini, cha shahada kulia, na kuruka kumepewa kidole gumba kwenye kitufe kikubwa chini ya vingine. Rudia ile Hadouken. Unashika chini kwa kidole cha kati. Ukiwa bado umeshika unaongeza cha shahada, na hiyo ni pembe. Unaachia cha kati, umebaki mbele, unapiga. Mzunguko umetoweka. Kilichobaki ni mpangilio wa kushika na kuachia, na pembe haikosekani ovyo kwa sababu vidole viwili vimeilalia. Pia hakuna safari: fimbo inapotoka nyuma hadi mbele lazima ipite katikati, kidole hakipiti popote. Na kuruka, kosa linalowaua wanaoanza wanapoteleza juu bila kutaka, sasa kunahitaji kidole gumba kikusudie.

Hapo ndipo swali jipya linapoingia. Fimbo haiwezi kwenda kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Maumbile yake yanakataa. Vitufe vinaweza. Mchezaji akishika vyote viwili, mashine imsome vipi? Mfikirie Guile wa Street Fighter, anayetakiwa kushikilia nyuma kwa muda usiofika sekunde moja ili achaji pigo lake la Sonic Boom, kisha aende mbele na kupiga. Kama chombo kinakubali ashike nyuma bila kuachia, na kubonyeza mbele kukahesabiwa kuwa mbele, anaweza kutoa Sonic Boom na kurudi kuchaji papo hapo, jambo ambalo kifundo cha mkono hakiliwezi. Mwaka 2019 Daigo Umehara, Mjapani ambaye jina lake linajulikana na kila mpenzi wa Street Fighter, alipokuwa akimtumia Guile kwa boksi la namna hiyo, Capcom ilikizuia chombo chake katika mashindano yake. Daigo alikubali, akabadili chombo. Jibu lililozoeleka sasa ni kwamba kushoto na kulia vikishikwa pamoja vinafutana, mhusika akasimama kama hujabonyeza kitu.

Naona jibu hilo ni la haki. Boksi lenyewe, hata hivyo, sioni sababu ya kulikataa. Wapo wanaodai kwamba kuondoa ugumu wa mzunguko ni kuondoa heshima ya mchezo, kwamba aliyetoa jasho miaka kumi kwa kifundo cha mkono amedhulumiwa na aliyenunua vitufe mwaka jana. Nawaelewa, kwa sababu jasho hilo ni la kweli. Lakini mtu hashindi mchezo huu kwa kuweza kutoa Hadouken. Anashinda kwa kujua wakati ambao Hadouken haifai kutolewa: mpinzani amekaa umbali gani, amekwisha kuruka mara ngapi, anaogopa nini sasa hivi. Mkono ukiwa hodari na kichwa kimelala, unapoteza. Capcom wenyewe walipotoa Street Fighter 6 tarehe 2 Juni 2023 waliweka mpangilio wa Modern, ambao pigo maalum hutoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo mmoja, na pigo lililotolewa kwa mkato huo hupungua nguvu kwa asilimia 20. Hiyo ni bei iliyoandikwa wazi, na mchezaji huamua kama atailipa. Napenda uwazi wa namna hiyo kuliko madai ya heshima yasiyopimika.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yalimaliza mjadala huu, kwangu mimi. Mike Begum wa Texas, BrolyLegs kwa jina la mchezo, alizaliwa na arthrogryposis, hali inayokaza viungo tangu tumboni mwa mama. Mikono yake haikuweza kushika padi. Aliicheza kwa uso na mdomo, na kwa namna hiyo akawa miongoni mwa wachezaji wakali wa Chun-Li kwenye Street Fighter IV, mhusika wa kuchaji anayedai kushikilia na kuachia kwa wakati kamili. Kazi ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia zilipita mahali pamoja. Alifariki mwaka 2024. Waliopambana naye hawakupigwa na huruma. Walipigwa na mtu aliyesoma nia zao. Anayesema kuna njia moja halali ya kugusa mchezo huu, aanze kwa kueleza jina la Begum ataliweka wapi.

Sasa kuhusu kupanga chombo, kwa sababu wengi hununua na kuacha kila kitufe kilivyotoka kiwandani. Chukua padi na Tekken. Mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, X teke la kushoto, duara teke la kulia. Kidole gumba kimoja kinaweza kulalia mraba na pembetatu, au X na duara, au mraba na X, au pembetatu na duara, kwa sababu vimepakana. Hakiwezi kulalia pembetatu na X, wala mraba na duara, kwa kuwa vinakabiliana. Na Tekken 8 ya mwaka 2024 imeliweka pigo la Heat Burst hasa kwenye jozi ya pembetatu na X. Ndiyo maana jozi zinazokabiliana zinapaswa kupewa vitufe vya mabegani, R1 au L1, kabla ya jambo lingine lolote. Kwenye Street Fighter, ambayo ina mapigo sita, mapigo mazito ndiyo huhamia mabegani, ili kidole gumba kibaki na manne ya kila wakati. Usiige mpangilio wa bingwa. Mpe kidole chenye nguvu pigo unalolitumia kuliko yote, na kila kitufe usichokitumia kizime, kwa sababu kitaguswa siku mbaya.

Kisha televisheni. Mchezo wa kupigana huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ikiwa kama milisekunde 16.7, na pigo jepesi la Street Fighter linaweza kuiva kwa fremu nne. Televisheni inayopamba picha kabla ya kuionyesha inaweza kula fremu hizo na zaidi bila wewe kujua. Nimewaona watu wakibadilisha padi mbili na tatu, kumbe kilichotakiwa ni kuingia kwenye mipangilio ya televisheni na kuwasha hali ya michezo. Hiyo haina gharama. Waya nao ni bora kuliko bluetooth, si kwa kasi tu: padi isiyo na waya iliyosahaulika ndani ya begi, bado imeunganishwa na mashine ya mashindano, inaweza kusimamisha pambano la watu wengine, na kwa kawaida anayesimamisha pambano hukatwa raundi.

Kwa anayetaka boksi na hana fedha, njia ipo. Raspberry Pi Pico, ubao mdogo uliotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola nne za Marekani, huwekwa programu ya bure iitwayo GP2040-CE na kuwa ubongo wa chombo kizima. Vitufe vya milimita 24 vinaagizwa mtandaoni. Sanduku la mbao linatengenezwa na seremala yeyote mwenye keekee na subira. Kwenye kompyuta linafanya kazi bila masharti. Kwenye PlayStation 4 ujue kwamba mashine hudai uthibitisho, na chombo kisichokuwa nao hukatwa baada ya dakika kama nane, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kutoboa mbao.

Kabla ya kununua chochote, fungua uwanja wa mazoezi na uwashe orodha ya mabonyezo, ile safu ya mishale inayoshuka pembeni mwa kioo. Fanya Shoryuken, mbele, chini, pembe ya chini-mbele, ukiwa umesimama kushoto, kisha uhame usimame kulia uifanye tena. Soma mishale. Kidole gumba cha wengi kina upande mmoja kinaousukuma vizuri na mwingine kinaouvuta vibaya. Kama mishale inakosekana upande mmoja tu, padi yako ni nzima na kinachohitajika ni mazoezi ya upande huo. Kama inakosekana pande zote, na inakosekana hata ukibonyeza polepole, mpeleke fundi abadilishe mpira. Ukibadilisha mpira na ukafanya mazoezi miezi mitatu na kidole bado kinauma au kinakataa, hapo ndipo uende kwa rafiki mwenye fimbo au boksi, uazime jioni nzima, na uutazame mkono wako wa kushoto.

Na ninyi mnaoandaa mashindano Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa: pokeeni kila chombo. Andikeni sheria ya kushoto na kulia kubonyezwa pamoja, mwibandike mlangoni kabla ya siku yenyewe, mtu asisafiri na boksi lake kutoka Mwanza kuja kukataliwa mezani. Acheni dakika za kukagua vitufe kabla ya kila pambano, hata ratiba ikiwa imebana. Na wekeni mezani padi mbili nzima za waya, za akiba, kwa ajili ya mtoto aliyekuja mikono mitupu.